Ijumaa za Sara

Kila Februari kazi yangu huwa ni kubembeleza. Kambi yetu ni ya Wayahudi, iko kaskazini kando ya ziwa, na watoto hukaa huko majira yote ya joto. Ofisi yake iko hapa Toronto, na mimi Nazlin, Mwismailia wa Arusha, ndiye ninayeajiri walezi. Walezi wenyewe ni vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa. Wakishaijua kazi, wanaondoka. Benki zinawataka, kampuni za mji jirani wa Markham zinawataka, na sisi tunabaki na wageni wasiojua hata kumtuliza mtoto anayelilia kwao.

Mwaka huu mkurugenzi wetu, Samson, alimtaka mmoja tu. "Nipatie Sara," aliniambia. "Akirudi yeye, na wenzake watarudi. Akikataa, tumekwisha." Kisha akanikabidhi jaketi lenye jina la Sara mgongoni, nimpelekee. Samson anayaamini sana majaketi.

Nilikutana na Sara kwenye mkahawa wa Barabara ya Bathurst. Alilipokea jaketi kwa adabu, akaliweka kwenye kiti cha pembeni bila kulikunjua. Nikaanza hotuba yangu: mshahara utaongezwa, atakuwa mkuu wa walezi, bweni atachagua mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Anti Nazlin," alisema, "unajua Ijumaa tunafanya nini?"

Nilijua. Jioni ya Sabato inapoingia, mzazi wa Kiyahudi humwekea mwanawe mikono kichwani na kumwombea dua. Kambini wazazi hawapo, kwa hiyo mlezi ndiye huzunguka meza na kuwabariki watoto wa bweni lake, mmoja mmoja. Nimeyaona hayo mara nyingi, na kila mara moyo hunilainika.

"Baba alinifanyia hivyo kila Ijumaa," alisema Sara. "Alifariki mwaka jana, mwezi wa nne. Mwezi wa saba nikaja kambini. Niliwabariki watoto wangu wote kwa maneno yake yale yale, halafu nikakaa kula. Kila Ijumaa nilingoja, labda mtu atanikumbuka na mimi." Akajaribu kutabasamu. "Hakuna aliyekosea. Pale mimi ndiye mkubwa."

Nilishikwa na uchungu, tena na hasira juu yetu wenyewe. Mkubwa gani huyo? Kucha zake amezitafuna mpaka zimekwisha. Msiba wake tuliujua, ofisi ilituma maua, kisha tukamkabidhi bweni zima la watoto na kumsifu jinsi alivyo imara. Watu wazima tulikuwa tele kwenye ukumbi wa kulia kambini, kila mmoja na sahani yake.

"Mimi si wa dini yenu," nikamwambia, "na maneno ya baba yako siyajui. Lakini nimezaa. Utaniruhusu?"

Aliinamisha kichwa pale pale, mbele ya vikombe. Nikainuka, nikamwekea mikono juu ya nywele, nikasema kwa Kiswahili, maana kwangu dua haiji kwa Kiingereza: "Mungu akutunze, mwanangu. Akupe afya, akupe amani, akupunguzie mzigo huu." Hakuelewa hata neno moja. Akalia kwa sauti, na watu mkahawani wakageuka. Niliwaacha watazame.

Alipotulia alijifuta uso, akaunyoshea mkono mkataba uliokuwa mezani.

"Nipe kalamu, Anti. Nitarudi."

Kalamu nilikuwa nayo. Niliukunja mkataba, nikautia mkobani.

"Sikupi," nilisema. "Msimu huu kaa na mama yako. Hata benki usiende kama hutaki."

Jioni Samson alinipigia simu kuuliza kama Sara amesaini. Nikamwambia hapana, tena ni mimi niliyemkatalia. Alipandisha sauti, akanikumbusha ninalipwa kwa kazi gani. Nikamwacha amalize, kisha nikamweleza habari ya Ijumaa zile, neno kwa neno kama alivyonieleza Sara.

Safari hii aliniuliza, kwa sauti ndogo, siku hizi Ijumaa Sara anakula wapi.