Ua la Taya

"Nimesema sishoni," mke wa mkaguzi alisema, na damu ikamtoka mdomoni ikadondokea kitambaa cha kochi.

Mama mkwe wake alikivuta kitambaa haraka. "Angalia unavyochafua! Wageni wanaingia saa kumi. Utawapokea na taya hilo?"

"Nitawapokea nalo."

"Usinitie wazimu, mwanangu. Kaa tushone, yaishe. Ua lenyewe nimeshakukatia."

Lilikuwa ua jeupe la petali tano, pindo lake limekunjwa na kupigwa bandi. Kazi ya maua hayo ilijulikana. Mwanamke aliyepigwa alilibana ua juu ya jeraha mpaka lipate joto, kisha yeye au mwenzake akalishona kwenye kitambaa cha nyumbani, kwa mishono midogo midogo, kabla jua halijazama. Fundo la mwisho likifungwa, jeraha lilihama. Ngozi ilibaki safi, na ua likageuka rangi: zambarau kwa pigo, jekundu kwa mkato, manjano kwa mfupa uliovunjika. Vitambaa vya makochi ya nyumba ile vilikuwa na maua kumi, na pazia la mlango wa chumbani lilikuwa na moja, kubwa, la mimba iliyotoka. Majirani walivisifu. Siku za baridi maua yalipwita kidogo, na aliyeketi hapo alijiwekea mto mgongoni.

Taya lilikuwa la asubuhi ile. Mume wake alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu asiyekula rushwa, ambaye wenye maduka walimwogopa kwa upungufu wa gramu kumi. Alirudi kuchukua miwani, hakuikuta alipoiacha, akampiga mkewe kwa jiwe la mizani la nusu kilo. Kisha akaiona miwani kwenye mfuko wa shati lake, akaenda kazini.

"Hata huko kituoni ulishakwenda," mama mkwe alisema. "Ulipata nini?"

Alikwenda kweli, mwaka uliopita, na kitambaa kimoja amekikunja kwenye mkoba. Sajenti alilibonyeza ua kwa kidole gumba. "Ubavu huu umevunjika, naona," alisema. "Lakini wewe mzima. Sheria inataka jeraha na mwenye jeraha wawe mahali pamoja. Shauri la kitambaa, mama, peleka kwa fundi cherehani." Alimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu.

"Ndiyo maana leo sishoni," mke wa mkaguzi alisema sasa.

"Uuguze taya ili umfungishe mwanangu?"

"Mwanao hana kovu hata la goti, mama. Kila baba yake alipomchapa, ulimshonea ua. Atajuaje kuwa kipigo kinauma?"

"Mama gani atamwacha mwanawe alie, na dawa anayo mkononi?" Machozi yalimlengalenga mama mkwe. "Shuka la kitanda changu lina maua arobaini na mawili. Nusu yangu, nusu yake. Umewahi kunisikia nikilalamika?"

Mke wa mkaguzi alijifuta damu kidevuni. Angekuwa na mtoto, pengine naye angeshona.

Hapo wifi yake akaingia kutoka chumbani, akipuliza rangi ya kucha ikauke. Wageni walikuwa wake. Upande wa mchumba ulikuwa unakuja kupanga siku ya harusi. Kwapani alibana boksi la viatu.

"Mama, nimemaliza kuyapiga bandi. Thelathini. Yatatosha?"

Mama yake alifunua boksi, akapitisha vidole juu ya maua meupe. "Kwa kuanzia yanatosha. Yule kijana mpole."

"Wifi, eti la kwanza ndilo gumu?" msichana aliuliza, akicheka. "Nasikia ukishazoea, mkono unajiendea wenyewe."

Mke wa mkaguzi aliutazama mkono wa wifi yake. Ulikuwa laini, hauna alama. Akautazama wake. Ulikuwa vilevile.

"Nipe wembe," alisema.

"Wa nini?"

"Wa kufumulia."

Hakungoja kupewa, aliutoa mwenyewe kwenye kopo la vifungo, akaanza na kochi kubwa. Ua la kwanza lilianguka sakafuni jeupe, na jicho lake la kushoto likavimba likajifumba. La pili, mdomo wa juu ukapasuka. La tatu na la nne yalikuwa ya mkanda, na blauzi ikamgandama mgongoni. Aliyofuata aliyafumua akiwa sakafuni, kwa sababu la tano lilikuwa goti. Mama mkwe alimfuata na beseni. "Polepole basi, utachana kitambaa," alisema, na wifi akashika pembe mbili ili kinyooke. Ubavu ulivunjika kwa sauti ya kijiti cha kuni. Vikafuata vidole viwili, kimoja kimoja, na alama ya pasi begani, na gego alilolitema kwenye beseni. Miaka tisa ilimrudia kwa robo saa.

Penye pazia aliuweka wembe chini. Akauchukua tena. Ua kubwa lilitoka kwa uzi mmoja tu, naye akaushika mlango kwa muda mrefu, akainama, damu ikimshuka miguuni.

Mama mkwe aliokota maua yote kumi na moja, akayakung'uta nyuzi. "Hayajaharibika," alisema, akayatia kwenye boksi la bibi harusi.

Wageni walipiga hodi saa kumi kamili. Mama wa mchumba, mwanamke mnene mwenye kilemba cha buluu, alivua viatu na kumtazama mke wa mkaguzi kutoka utosini hadi nyayoni.

"Pole, mwanangu. Nyuzi za siku hizi hazidumu." Akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye kilemba. "Njoo, tuanze na hilo taya."

"Ahsante, mama. Nakwenda kituoni hivi hivi. Karibuni, kaeni."

Wakakaa. Mke wa mkaguzi alijifunga shali kiunoni, akamgeukia wifi yake. "Unakuja?"

Msichana aliangalia mlango, akaangalia wageni. "Kuna chai, wifi. Nani atamimina?"

"Haya. Mimina."

Akatoka. Goti halikukubali kukunjika, kwa hiyo aliegemea ukuta wa jirani, kisha ukuta wa jirani wa pili, akaendelea hivyo kuelekea barabara kuu. Nyuma yake alisikia vikombe vikipangwa kwenye sinia.