Redio za Margwe na Redio za Fransiska

Margwe ndiye aliyezichagua redio hizo, asimsingizie mtu. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya kijiji, huku Getanuwas, na alimwamini muuzaji aliyeapa kwamba redio zake za mkononi haziongei na redio za kampuni nyingine ng'o. "Mwizi hasikii kitu, mzee!" Kweli, mwizi hakusikia. Wala kijiji cha jirani hakikusikia, maana kamanda wao wa mgambo, Fransiska, alinunua kwa muuzaji mwingine mwenye kiapo kilekile.

Loo! Vijiji viwili vikakaa kikao siku mbili. Badala ya kubadilisha redio, wakaamua kumweka mtu kwenye kilima cha mpakani, redio moja kila mkono, apokee huku apeleke kule. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini kijana wa upande wa pili, wakamchagua Mzee Bura, miaka themanini na mbili, mtu asiye na doa.

Jumatatu asubuhi Margwe alikuta zizi wazi. Ng'ombe saba, wote aliokuwa nao, hawapo, na nyayo zinaelekea kwa jirani. Akaikamata redio.

"Mzee Bura! Nime..." Akakumbuka adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Ng'ombe?"

"Hawajambo," akajibu Margwe, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojibu. Habari mbaya hufuata baadaye.

"Vizuri. Ngoja, Fransiska ananiita." Lakini kidole cha mzee kilibaki kwenye kitufe cha redio ya upande wa Margwe, na mmoja akibonya, mwingine hasikiki. Margwe akasikia kila neno, akipiga kelele bure.

"Shikamoo, mzee. Nimewasimamisha watu wawili wana ng'ombe saba. Wa Margwe wapo?"

"Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Hawajambo."

"Haya, basi wapite."

Jioni, habari za wizi zilipomfikia, Fransiska alikuja kwa miguu kumpa pole. Alimkuta ameketi kando ya zizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Fransiska alilitazama zizi tupu. Aliona aibu, lakini salamu haikatwi katikati. "Na ng'ombe?"

Margwe akafuta machozi kwa kiganja.

"Hawajambo," akasema.