Bunduki za Lokandu

Misenga alikuwa sokoni Kindu akinunua mafuta ya mawese simu ilipolia. Alikuwa Joël, mkuu wa ofisi yao. Alimwambia kwamba wafadhili wa nje wamesimamisha fedha zote, kwa hiyo kazi ya kufuatilia wapiganaji waliosalimisha silaha imekwisha. Misenga akamuuliza habari za Lokandu. Joël akajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza, kwamba Lokandu sasa ni shauri la serikali.

Lakini Lokandu, mji mdogo ukingoni mwa mto, kulikuwa na kontena lililojaa bunduki, lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao Misenga, wa pili alikuwa nao Mulamba, mkubwa wa kikundi kilichotoka msituni. Misenga ndiye aliyemshawishi atoke. Haikuwa kazi rahisi kwake, maana wakati wa vita, angali msichana, watu wenye bunduki walimchukua kaka yake njiani kwenda Obokote, na hakuonekana tena. Hata hivyo alimwendea Mulamba na kumwahidi kwamba waangalizi kutoka nje watakuwepo kumlinda kwa macho yao, kwa kuwa kikundi kingine, upande wa pili wa mto, bado kilikuwa na silaha.

Asubuhi akapanda mtumbwi wa mota. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalimponyoka. Aliogopa habari isije ikamtangulia.

Ilikuwa imemtangulia. Vijana wa Mulamba walilizunguka kontena, mmoja ameshika nyundo. Mulamba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, wala hakuinuka kumsalimia.

"Mama Misenga, uliniambia watu watakuwa wanatuangalia, sisi na wale wa ngambo," alisema. "Sasa iko nani?"

"Hakuna mutu tena, papa. Feza imekatwa. Ni mimi tu njo nimebakia."

"Na wale wakikuja?"

"Sijui."

Angeweza kudanganya, na mwenyewe alishangaa kwamba hakudanganya. Mwenye nyundo akasema wafungue. Mulamba akamwashiria angoje. Hapo Misenga akasema jambo ambalo hakulipanga: bunduki zikirudi mikononi, wale wa ng'ambo watasikia kabla jua halijazama, na hiyo itakuwa sababu yao ya kuja. Zikibaki kontenani, yeyote anaweza kuvunja kufuli azichukue. Afadhali zikatwe mbele ya watu wote, na upande wa pili watume shahidi wao.

"Tutabakia mikono mitupu," Mulamba akasema.

"Nitabakia na nyinyi. Nitalala kwako, kwa bibi yako Mauwa. Wakikuja, watanikuta hapa."

Mulamba akamwambia kijana aweke nyundo chini.

Shemeji yake Misenga, Gauthier, fundi wa karakana ya reli, alikuja na mitungi yake ya gesi ya kukatia chuma. Mtu wa serikali alikubali upesi, akifurahi kutua mzigo ule. Kutoka ng'ambo alitumwa mama mmoja muuza samaki awe shahidi, akakaa akitazama chuma kikikatika mpaka jioni. Vijana kadhaa walilia. Wengine waliondoka bila kuaga, na hakuna aliyejua wameelekea wapi.

Tangu siku hiyo, kila mota iliposikika mtoni, Mauwa, mke wa Mulamba, aliacha kutwanga na Misenga aliacha kula. Joël alipopiga simu na kuelezwa, akasema tu ajichunge.

Wale wa ng'ambo walikuja mchana, mtumbwi mmoja, mikono wazi. Misenga alishuka ufukoni pamoja na Mulamba. Wageni walitaka kuviona vile vyuma. Walivigeuzageuza, wakaulizana kwa sauti ya chini, kisha wakakubali kuketi na kula ugali na samaki.

Waliondoka bila kuahidi kitu. Misenga aliwatazama mpaka walipofika ukingo wa pili, halafu akaketi mchangani.