Jina la Kumpa Mgeni

Usingizi unanichukua Alhamisi baada ya alasiri, mgongo umeegemea kaburi la Mgeni, chupa ya marashi mapajani, na jirani yangu Bi Zulfa ananiambia sikioni: Mwanamisi, mpe Mgeni jina la mwanao, tumsomee khitma, upumzike. Ndiyo desturi ya mji wetu huu mkongwe. Mgeni aliokotwa ufuoni zamani, hana jina wala kwao, basi mama aliyepotelewa na mtoto humkopesha jina la mtoto wake, akaliosha kaburi, akafukiza ubani, akapata pa kulilia. Ila ukishalitoa, mtoto ni maiti, humngoji tena. Nami Shebwana wangu alikwenda Uarabuni kuendesha lori, simu ikanyamaza, na sahani yake ya wali bado naifunika kila jioni, asubuhi nakula mimi, ndiyo maana nimenenepa kwa majonzi. Namwambia Bi Zulfa, Ngoja kwanza nimpime Mgeni, jina lisije likambana mabegani. Anacheka, na kicheko chake kinarefuka, kinakuwa uchochoro, nami nimo ndani natembea.

Uchochoro hauishi. Kila nyumba ina pacha wake anayeitazama, baraza kwa baraza, na barazani wamekaa watu wenye nyuso laini kama yai lililomenywa. Hamjambo wenye sura zenu, nawasalimu, hakuna anayecheka. Mmoja anainuka, shati limeloa chapa, linanukia marashi yangu mwenyewe, namjua, ndiye Mgeni. Njia hii yaenda wapi, baba? Inakwenda ulikotoka, anasema, lakini hutafika. Makubwa! Hata wafu mmejifunza kuzungusha watu kama makarani? Tunapita baraza ile ile, tena ile ile, na mikono ya baridi inanishika kanga: nipe, mama, nipe. Hawa nao wanataka nini? Ni wageni wenzangu, anasema, walikopeshwa majina, kina mama wakafa, majina yakawatoka. Namuuliza lililonileta, na mzaha unanikauka mdomoni: Shebwana yuko huku? Ukinitaja kwa jina lake, yuko. Nisipokutaja? Anayeingia huku na jina hatoki nalo, lazima aliache moja.

Basi nimechoka, miaka yote hii nimechoka, na mdomo wangu unaanza wenyewe, She, na juu ya uso ule mtupu inachomoza nyusi ya kushoto yenye kovu, kovu la mwanangu alipoanguka kitandani akiwa mchanga. Naung'ata ulimi hadi damu. Chukua langu, nasema. Chukua Mwanamisi. Na uso wangu unamkaa, mikunjo yote, wala haumpendezi.

Naamka. Jua liko pale pale. Bi Zulfa anamimina marashi juu ya kaburi, machozi yanamtoka, anasema, Pokea, Mwanamisi, pokea shoga yangu. We Zulfa, namwita, niko nyuma yako, mzaha niachie mimi. Hageuki. Penye lango la makaburi amesimama mwanamume, begi begani, vumbi hadi kwenye kope. Shikamoo, Bi Zulfa. Namtafuta mama, nyumba nimeikuta imefungwa. Bi Zulfa anaiweka chini chupa ya marashi. Anasogea pembeni, anampisha penye kaburi. Kijana anavua kofia, na nyusi yake ya kushoto ina kovu. Nataka kumwita. Kwanza najipapasa usoni.