Vumbi Chini ya Kava

Jumatano ya Juma Takatifu, mume wangu Leandro alinipigia simu kutoka kwenye visima vya mafuta huko kusini, mwendo wa saa sita kwa gari.

"Mama Mari, nipigie picha ya gari. Rangi ikiwa safi, Pasaka nakuja tuliendeshe kwenye msafara. Ikiwa na kasoro, bora nichukue zamu ya sikukuu. Siwezi kupita mbele ya watu wa hapo mjini Española na gari lililochakaa, watanicheka mpaka Krismasi."

"Iko safi kabisa," nikasema. "Nililifunika siku ile ile uliyoondoka."

Aliondoka Jumatano ya Majivu. Wiki sita. Mtoto alikuwa ameanza kumwita baba kila mwanamume mwenye kofia.

Gari lenyewe ni Impala ya mwaka sitini na nne, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Leandro aliipaka rangi kwa mikono yake, miaka miwili: fedha chini, kisha nyekundu nyembamba, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikaiva kama pilipili tunazoanika ukutani. Mwisho akaifungia kwa vanishi.

Nilipovuta kava, jua la saa nne likaanguka juu ya boneti, nikapiga yowe. Mikwaruzo. Mamia, myembamba kama nywele za mtoto, imezungukana kama utando wa buibui.

Mama mkwe wangu, Mama Eulalia, akatoka jikoni na unga mikononi.

"Kelele za nini? Panya?"

"Afadhali ingekuwa panya, mama."

Aliinama, akatazama, akaniagiza mfuko wa mkate. Akauvaa mkononi na kupapasa boneti. "Jaribu na wewe. Ukiwa na plastiki, vidole vinasikia kila chembe."

Nikajaribu. Ilikuwa kama kupapasa msasa.

"Uliliosha kabla ya kulifunika?"

Nikaanza kulikunja kava.

"Ee binti! Na pepo hizi za mwezi wa tatu! Kava juu ya vumbi, upepo unalisugua mchana na usiku bila mshahara."

Tukalivutia kivulini, tukaleta ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Tukaanza paa, tukashuka. Tukapitisha donge la udongo laini ambalo Leandro hung'olea uchafu kwenye rangi, mpaka boneti ikawa inateleza kama sahani. Uchafu ulitoka. Mikwaruzo ikabaki. Nikachukua polishi, nikasugua kona moja mpaka bega likawaka, na mama mkwe akanishika mkono.

"Basi. Vanishi ni ngozi. Ukiimaliza utafika kwenye nyekundu, na hiyo ikitoka hairudi."

Nikarudi nyuma hatua tatu nilitazame. Pale kivulini, gari lilikuwa zuri ajabu. Hakuna hata mkwaruzo mmoja ulioonekana.

Mama Eulalia naye aliona. "Lipige picha hapo hapo."

"Mama!"

"Akija atajionea. Lakini atakuwa ameshakuja, si ndiyo? Mimi baba yake nilimdanganya makubwa kuliko hayo, na alikufa ananipenda."

Nikapiga. Picha ikatoka kama ya kalenda. Kidole changu kikakaa juu ya simu muda mrefu, maana nilimtaka mume wangu nyumbani kuliko nilivyokitaka kitu chochote mwaka ule. Nikamwona akilini ameshuka garini, anazunguka boneti juani, ananitazama.

Nikalisogeza gari juani, nikapiga nyingine, nikatuma hiyo.

Simu ikaita papo hapo. "Rosenda, hii ni nini?"

"Sikuliosha. Siku ile uliegemea boneti unafunga kamba za buti, mkono wako ukabaki umechorwa kwenye vumbi, vidole vyote vitano. Nilishindwa kuufuta. Nikafunika hivyo hivyo."

Nyuma yake mashine zilikuwa zikinguruma.

"Na sasa?"

"Haupo. Upepo umeusaga."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza.

"Zamu nilishaikubali tangu Jumatatu," akasema polepole. "Picha ungetuma yoyote, ningeitafutia kasoro. Nilikosa ujasiri wa kukwambia. Niwie radhi."

"Mshenzi wewe," nikamwambia, machozi yananitoka. "Bega langu limekufa kwa kusugua!"

"Najua. Usisugue tena. Lipake nta kidogo tu, na usilifunike. Juni mkataba unaisha, nakuja na mashine ya kung'arishia. Mimi nisugue, wewe unishikie taa."

"Na Jumapili?"

Akavuta pumzi. "Jumapili liendeshe wewe."

Hakuna aliyewahi kuliendesha kwenye msafara wa Pasaka isipokuwa yeye na baba yake.

Basi Jumapili, baada ya misa, nikakaa kwenye usukani. Mama Eulalia pembeni na mkoba mapajani, Mari nyuma kwenye kiti chake. Tulikwenda taratibu, mtu mwenye fimbo angetupita. Jua lilikuwa kali na boneti ilionyesha kila kitu.

Mzee Belarmino, kwenye gari lake la kijani, akapaza sauti: "Rosenda! Mwenyewe yuko wapi? Na nani kaliogesha gari kwa mchanga?"

"Upepo!" mama mkwe akamjibu. "Na huo uso wako uliogeshwa na nani?"

Barabara nzima ikacheka, nami nikacheka.

Mwisho wa mji, kwenye taa, magari yote hugeuka kurudi. Ukinyoosha, ndiyo njia ya kusini, kwenye visima. Tangi lilikuwa limejaa. Taa ikawa kijani, nami nikawa bado nimeshika usukani, natazama mbele, mpaka honi zikaanza nyuma.

"Mwanangu," akasema Mama Eulalia kwa upole.

Nikakata kona kurudi mjini. Juni ina siku thelathini, na hakuniambia ni ipi.