Diski Iliyosema Haijambo

1.

Ti.

Kabla ya adhana. Siyo mjusi, wala bomba la uani linalodondosha maji. Ni kompyuta ya mezani, chini ya kitambaa chake cha kufuma.

Mwanakombo akajitanda kanga, akaenda sebuleni polepole. Kwenye kioo kulikuwa na kijisanduku kilekile cha kila alfajiri:

NAKALA YA AKIBA HAIKUKAMILIKA.
Baadhi ya faili hazikusomeka.
[ SAWA ]          [ MAELEZO ]

"Sawa," akasema kwa sauti, akabonyeza SAWA. Mtu akikusemesha, unamwitikia. Ndivyo alivyolelewa.

Kijisanduku kikaondoka. Kimeridhika, alidhani.

2.

Msomaji, usimcheke. Ngoja kwanza.

Zuhura alikuwa mke mwenzake. Walimzika mume, wakabaki wawili na ugomvi wao wa chumvi. Zuhura alipozidiwa, bintiye alimchukua kwake Muheza, na Mwanakombo akawa anatoka Tanga kwenda kumtazama. Huko ndiko Zuhura alikoimba wimbo wa kubembeleza mtoto, mjukuu wake Salha akamrekodi kwa simu. Salha alikuwa mjamzito.

"Mtoto akitoka arobaini mimi sitakuwepo," alisema Zuhura. "Mpigieni wimbo huu."

Simu iliibwa. Wimbo ulikuwa umeshahamishiwa kwenye kompyuta.

Zuhura amezikwa. Mtoto amezaliwa.

Arobaini ni leo.

3.

— Bibi, wimbo haufunguki.

— Uguse taratibu.

— Nimeugusa taratibu, Bibi! Umeganda.

— Na zile nakala?

— Ya mwisho ni ya kabla Bibi Zuhura hajaimba. Bibi… hiki kijisanduku ulikuwa unakifanya nini?

— Nilikuwa nakiitikia.

(Salha, mtoto begani, akafungua mdomo. Akaufunga. Akampigia fundi simu. Mwanakombo aliuona ule mdomo ulivyofungwa, akamshukuru moyoni.)

4.

*Gari la vipaza sauti:*

WAKAZI WA MTAA MNAARIFIWA KUWA UMEME UTAZIMWA LEO KUANZIA SAA NNE ASUBUHI ILI KUPISHA KAZI YA KUBADILISHA NGUZO. TUNAOMBA RADHI KWA USUMB

*Likakata kona.*

5.

"Hodi!"

Fundi Shehoza alivua viatu mlangoni. Kitambaa cha kufuma hakukitupa kando. Alikikunja mara nne, akamkabidhi Mwanakombo kwa mikono miwili. Basi Mwanakombo akamwamini, kabla hajagusa hata skrubu moja.

"Bibi, mgonjwa ni mmoja kati ya watatu. Waya, diski ya nje inayopokea nakala, au diski ya ndani."

Akabadilisha waya.

Ti.

Akachomeka diski yake mwenyewe ya nje.

Ti.

"Faili zilezile zinakataa. Basi anayepokea hana kosa. Anayetoa ndiye ameshindwa kutoa."

Mwanakombo akainamisha sikio. "Mbona haigongi? Ile ya zamani ilipougua, ilikuwa kama mtu anatwanga."

"Hii ni SSD, Bibi. Ndani hamna kinachozunguka. Inaugua kimya."

6.

UCHUNGUZI WA DISKI
HALI KWA JUMLA: NZIMA

"Nzima!" Salha akaruka, mtoto akashtuka.

Shehoza akakuna kichwa.

"Nyie nao!" Mwanakombo akasema. "Mmeisalimia tu. Hujambo, sijambo. Nani anataja ugonjwa kwenye salamu ya kwanza? Zuhura alikuwa hajambo mpaka wiki tuliyomzika. Iulize habari za nyumbani. Iulize za watoto. Moja moja."

Fundi akacheka mpaka magego yakaonekana. "Ndiko nilikokuwa naelekea, Bibi, ila sikuwa na njia nzuri hivyo."

Akabonyeza MAELEZO.

Sehemu zilizokufa: 212
Sehemu za akiba zilizobaki: hakuna
Makosa ya kusoma yasiyorekebishika: 37

Akauliza tena.

41.

"Hee," Salha akanong'ona. "Yanaongezeka."

7.

(Diski, kama ingekuwa na mdomo)

Sijambo.

Sijambo, ila

ila kuna mahali nikiguswa

8.

"Hatuitengenezi," akasema Shehoza. "Hatuandiki kitu ndani yake. Mgonjwa hachezeshwi ngoma. Tunautoa wimbo kwanza, mengine baadaye. Umeme tu usikatike. Ikizimika, huenda isiamke."

Dirishani, jirani yao Bi Somoe:

— Mwanakombo! Watu wa nguzo wamefika! Mmoja ameshapanda!

— Mwambie ashuke anywe chai!

— Chai ya nani?

— Yangu! Iko jikoni, na vitumbua vya arobaini! Beba sinia lote!

— Lote? Na wageni?

— Somoe, BEBA!

asilimia 40

asilimia 71

asilimia 71

asilimia 71

"Imegoma," Salha akasema.

"Inakumbuka," Mwanakombo akasema, akaweka kiganja juu ya kompyuta, kama anavyowekewa mtoto mwenye homa. "Tuiache ikumbuke."

asilimia 71

…

asilimia 72

9.

Mia!

Salha alipiga kigelegele. Somoe akakidaka huko nje, na mwanamume mmoja mwenye kitumbua shavuni akauliza dirishani: "Bibi, sasa tuzime?"

"Zimeni, baba! Mungu awape!"

Feni ikazunguka, ikachoka, ikasimama.

10.

Kompyuta ndogo ya fundi ilikuwa na chaji. Wakaizunguka. Tangu mazishi Mwanakombo hakuwahi kuusikiliza wimbo huo; alijua tu kwamba upo, na ilimtosha.

*Lala mwanangu lala, paka keshatoka nje,*
*mlango nimeufunga, na taa*

…

Pengo. Pale palipokufa.

Mwanakombo akaingia bila kuombwa:

*na taa nimeishusha, usingizi nao uje.*

Zuhura akarudi ng'ambo ya pili ya pengo, wakaendelea wawili, kila mmoja akimpandishia mwenzake sauti kama zamani jikoni. Mtoto aligeuza kichwa. Huku, kisha kule.

"Na picha?" Salha akauliza. "Na vile vingine vyote?"

"Sijui," akasema fundi. "Umeme ukirudi tutaiuliza tena."

Wimbo ukaisha. Shehoza akanyoosha kidole azime.

"Acha," akasema Mwanakombo.

Maana bado kulikuwa na kitu kwenye rekodi. Kitanda kililia. Kikombe kikawekwa chini. Halafu Zuhura, akidhani simu imezimwa, kwa sauti ile ya kuombea chumvi:

"Mwanakombo. We Mwanakombo. Kesho uje tena."