Masaa Arobaini ya Bernardine

Vestine hakuwa mtu wa kudanganya karatasi, na hilo ndilo lililomponza. Wako watu wanaodanganya mchana kutwa na usiku wanakoroma. Yeye akikosea hata tarehe, chakula hakishuki. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri, akishaegesha baiskeli nyuma ya ofisi ya shirika lao dogo pale Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, aliketi na karatasi yake ya masaa akaijaza kama mtu anayeungama kwa padri.

Karatasi yenyewe wala si ngumu. Mshahara wake ulitoka kwenye mafungu mawili ya serikali ya kuendeleza jamii. Fungu la mbegu lilisaidia vikundi vya wakulima wa maharage na mahindi huko vijiji vya Juru, na fungu la maji lililea kamati za kutunza mabomba. Kila saa aliyofanya kazi ilibidi iandikwe kwenye safu ya fungu lake, ili kila fungu lilipe sehemu yake na lisibebe mzigo wa mwenzake. Asubuhi alikuwa na kikundi cha mbegu, masaa matatu, safu ya kwanza. Mchana bomba limevunjika na kamati inagombana, masaa matano, safu ya pili. Hapo hata mtoto wa shule hashindwi.

Tabu ilikuwa kilio. Juru mtu akifa, shughuli zinasimama. Warundi na Wakongomani wanaweza kubishana juu ya mpaka wa shamba mwaka mzima, lakini hapo hawana neno: jembe linalazwa, watu wanakwenda kuketi na wafiwa. Ukimtafuta mwenyekiti wa kikundi, yuko kilioni. Ukiitafuta kamati ya bomba, iko kilioni yote, na mweka hazina ndiye anayechota maji ya kupikia. Sasa Vestine angefanya nini, azunguke na baiskeli akihamasisha migomba? Alikwenda akaketi na wenzake. Ijumaa ikifika, masaa yale aliyaacha tupu kwa sababu aliona haya. Kulipwa na serikali kwa kukaa kwenye mkeka wa mfiwa, jamani, afadhali pengo.

Mwenzake Byamungu alikuwa akimcheka. Huyu alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anahudumia kanda nyingine ya makazi kwa mafungu yale yale. Karatasi yake haikuwa na doa: masaa manne mbegu, masaa manne maji, Jumatatu hadi Ijumaa, mwezi baada ya mwezi, maana bajeti ilisema nusu kwa nusu.

"Weye Vestine, unajitesa bure," alimwambia. "Andika ine-ine, tuende. Batu ba Kampala habatakuuliza mambo ya kilio. Banapenda karatasi yenye haina matundu."

"Lakini mimi sikufanya nne-nne."

"Na nani alikuona?"

"Nilijiona mwenyewe."

Byamungu akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe.

Basi mwezi wa sita ukielekea ukingoni, barua ikaja kutoka serikalini Kampala. Nafasi yoyote ya kazi ambayo karatasi zake za nusu mwaka zina mapengo ya zaidi ya masaa hamsini, ilisema, kuanzia mwaka mpya wa fedha itahesabiwa kuwa nusu nafasi, na italipwa nusu mshahara. Vestine alitoa karatasi zake, akahesabu mapengo. Yalikuwa masaa mia moja na kumi na mawili. Akahesabu tena kwa kidole, na jibu likawa lile lile. Arobaini kati ya hayo yalikuwa ya wiki moja tu, wiki ya Bernardine.

Bernardine alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mbegu. Alifika Nakivale bila ndugu hata mmoja, mkononi ana binti yake Élyse na sufuria moja. Mwezi wa tatu homa ilimlaza siku nne, ya tano akafa. Vestine alikaa katika nyumba ile wiki nzima, akapika, akafagia, akalia. Kilio kilipovunjwa na watu wakakung'uta mikeka yao, Élyse alibaki ameketi kizingitini na furushi lake, anawatazama watu wanavyoondoka. Vestine alilichukua lile furushi, na mtoto akamfuata.

Tangu hapo, msichana huyo wa miaka kumi na mmoja alilala kwake na kula kwake, na alimwita Madamu, kama Juru nzima ilivyomwita. Vestine alijiambia kwamba hilo halimuumi. Lilikuwa linamuuma.

Nusu mshahara ungemtosha mtu mmoja kwa kubanabana. Wawili, na mmoja yuko shuleni, hapana. Familia moja ya kanda ya mbali, wana shamba kubwa na wanahitaji mikono, walishamwomba wamchukue Élyse wamlee. Alikuwa amewakatalia. Kwa nusu mshahara angelazimika kuwafuata mwenyewe na kuwaambia haya, njooni. Hilo ndilo lililomnyima raha, wala si cheo.

Wiki ile ile aliitwa Mbarara, makao ya mhasibu wao, Mzee Rwakabuba, Mnyankore wa Endiinzi. Ni mtu mzito wa maneno, ana chupa ya chai ya maziwa mezani na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Vestine aliingia akitegemea kugombezwa. Mzee alimmiminia chai kwanza, ndipo akatandaza karatasi.

"Nnyabo, kaa. Hii mapengo mimi nasoma, lakini sielewi. Ulikuwa wapi?"

"Kilioni, mzee."

"Yote?"

"Yote."

Rwakabuba akachukua rundo jingine, akalipigapiga kwa kidole. "Hii ni ya Byamungu. Haina pengo. Ine-ine hata siku kuu ya Mashahidi, ofisi imefungwa. Hata ile siku alikuwa harusi huko Bwizibwera, na picha alituma mwenyewe kwa simu zetu zote, amebeba kreti ya soda. Hii narudisha, ataanza upya miezi sita." Akaliweka pembeni. "Ya kwako ni ya kweli, lakini ya kweli nusu. Huko kilio, watu wanakaa tu?"

Vestine akafikiri. Akakumbuka kilio cha mzee Cyiza, ambapo kamati ya maji ilijitenga kando ya nyumba wakachagua mtu wa kushika funguo za bomba badala ya marehemu, na yeye ndiye aliyewaandikia. Ilichukua masaa mawili na makelele mengi. Akamsimulia.

"Hiyo ni kazi," alisema Rwakabuba. "Saa ya kulia ni yako. Saa ya kuchagua mtu wa funguo ni ya fungu la maji. Sasa wewe unatupa zote mbili. Rudi, tafuta moja moja. Usifute kitu. Piga mstari mmoja, andika ile ya kweli, weka sahihi na tarehe, na kikundi waweke sahihi. Nakupa wiki moja."

Wiki nzima Vestine alizunguka Juru na baiskeli, akiomba madaftari ya vikundi. Watu walimtania kwamba sasa amekuwa polisi wa misiba. Lakini madaftari yalisema. Kilio hiki, mbegu za marehemu zilikabidhiwa mjane, saa moja. Kilio kile, zamu za kuchota zilipangwa upya, masaa mawili. Penye neno aliandika neno, na palipokuwa na machozi matupu aliacha palivyo. Alipomaliza, alikuwa ameokoa masaa thelathini. Yalibaki themanini na mawili, na kikomo kilikuwa hamsini.

Byamungu naye alikuwa ofisini, ameinamia miezi yake sita, jasho linamtoka. Alitazama hesabu ya Vestine akatikisa kichwa.

"Sikia, dada. Bernardine alikuwa président ya mbegu, si ndiyo? Amekufa, weye ulienda kwake. Andika mbegu, arobaini. Mara hii si bongo, si uongo kabisa."

Ilikuwa karibu kuwa kweli, na hilo ndilo lililofanya iwe ngumu. Vestine alishika kalamu akaiweka juu ya safu ya kwanza. Alimwona Élyse na furushi lake, akaiona ile familia ya mbali na shamba lao kubwa. Nani angeuliza? Lakini daftari la kikundi lilikuwa mbele yake, na wiki ile halikuwa na hata mstari. Hakuna aliyetaja mbegu. Yeye mwenyewe hakutaja chochote, alikuwa amekaa karibu na mlango ameshika kitenge cha marehemu, na siku zikapita. Akiuza wiki ile kwa fungu la mbegu, atakuwa amebaki na nini cha Bernardine? Akaweka kalamu chini, akatoka nje kulia kidogo, kisha akanawa uso.

Jumatatu alirudi Mbarara. Rwakabuba alipitia masahihisho yote taratibu, akiweka alama kwa kalamu yake ya risasi, mpaka akafika mwezi wa tatu.

"Hii wiki hukugusa."

"Hapakuwa na kazi ndani yake, mzee."

"Unajua bila hii unakuwa nusu?"

"Ninajua."

Mzee akajimiminia chai. Nje pikipiki zilikuwa zinapita na mtu anauza ndizi. Kisha akauliza swali ambalo Vestine hakulitegemea.

"Shamba lako, wiki ile, ulilima?"

"Sikulima."

"Hata siku moja? Mwezi wa tatu watu wote wanapanda."

"Mpaka kilio kilipovunjwa. Nilikuja kupanda nimechelewa, mvua ikaniacha. Maharage sikuvuna hata debe moja."

Rwakabuba akavua miwani. "Sisi watu wa Endiinzi ni wa ng'ombe, jembe tunashika kidogo tu. Lakini hata sisi tunajua. Jirani analaza jembe siku ya kuzika, kesho yake analima. Sasa yule wa kulaza jembe mpaka mwisho, na mvua anaona inaenda, huyo ni nani?"

"Ni ndugu," alisema Vestine.

"Haya."

Mzee akafungua droo, akatoa fomu ya likizo ya msiba. Ilikuwepo siku zote. Siku tano, zenye malipo, kwa aliyefiwa na ndugu wa karibu, wa damu au wa desturi ya mahali, imeandikwa kwenye mwongozo wa shirika ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Fomu imelala drooni Mbarara, na watu wa Juru wanazikana mwezi kwa mwezi wanaandika mapengo. Mtu akikasirika hapo, simlaumu. Vestine hakukasirika. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo: themanini na mawili, toa arobaini, yanabaki arobaini na mawili.

"Likizo haina kazi yake yenyewe," Rwakabuba alieleza, akigeuza karatasi ili aione. "Inafuata kazi ya mwezi. Mwezi wa tatu, hizi wiki zingine, ulifanya mbegu zaidi, tatu kwa mbili. Basi kwa hii arobaini, mbegu inabeba ishirini na ine, maji inabeba kumi na sita. Hakuna moja inaonea ingine. Na wale wazee wa kijiji wataweka sahihi kwamba ulilaza jembe?"

"Wataweka. Walikuwa wananisema kwamba nitakufa njaa."

Mzee aliandika tarehe, akaandika jina la marehemu. Halafu akafika kwenye mstari uliouliza uhusiano wa mfanyakazi na marehemu, akamsukumia fomu na kalamu.

"Hapo siwezi kukuandikia."

Vestine aliandika dada. Ndipo machozi yakamjia mbele ya mhasibu, mchana, na hakuyazuia. Rwakabuba akamwongezea chai, akageukia dirisha, akamtazama muuza ndizi mpaka Vestine alipotulia.

Alifika Juru jua limelegea. Élyse alikuwa jikoni nje, amesharudi shule, maharage yako motoni. Vestine akatoa nakala ya fomu mkobani, akampa asome mwenyewe. Mtoto alifuta mikono kwenye sketi, akasoma kwa sauti ya chini, polepole, kidole kikifuata mistari. Akasoma jina la mama yake. Akasoma jina la Vestine na lile neno lililokuwa mbele yake. Akarudia tena kutoka juu.

Kisha akaikunja kwa uangalifu, akaenda ndani akaiweka kwenye furushi lake, lile lile alilokuja nalo. Akarudi, akachuchumaa mbele ya sufuria, akakoroga.

"Mama mdogo," alisema bila kuinua uso, "chumvi iko wapi?"

Chumvi ilikuwa pale pale ilipokaa tangu mwezi wa tatu, kwenye kopo jekundu nyuma ya mlango, na Élyse ndiye aliyekuwa akiitia kila siku. Vestine akaenda akamletea.